Pikipiki Ndogo Haitaki Mengi: Niliyojifunza Nyakato



Siku hizi ukipita njia za mashamba yetu wakati wa kuchuma, husikii tena sauti ya magari ya ng'ombe peke yake. Wanachama wengi wakishauza karafuu zao kwa Shirika hununua pikipiki, na si jambo baya, kwani shamba liko mbali na wakati ni mali. Na katika pikipiki zote, inayotufaa zaidi sisi wakulima ni ile ndogo ya njia zote: yenye tairi za meno, ekzosi iliyoinuliwa, na madigadi ya mbele yaliyo juu mbali na gurudumu. Hiyo huenda lami kama wenzake, na lami ikikoma haisimami, huteremka bondeni mpaka chini ya mkarafuu.

Lakini mimi katibu wenu nimeona mara nyingi pikipiki hizo zimelala uwani zikiota kutu kabla mkopo wake haujamalizika. Mwenyewe husema, "Pikipiki za siku hizi mbovu." Sitawacheka waliosema hivyo, maana na mimi nilikuwa mmoja wao. Yafaa nianze kwa kueleza aibu yangu, kisha nieleze dawa yake na mahali nilipoipata.

Aibu yangu

Msimu mmoja tulikuwa shambani, siku ya jua kali baada ya mvua. Kijana mmoja, mchumaji hodari, alikuwa juu ya mkarafuu mrefu. Tawi likakatika, naye akaanguka nalo. Tulipomfikia alikuwa anasema, lakini mguu wake ulikuwa umepinda pasipo kiungo. Simu zetu hazikushika mtandao bondeni mle. Njia ilikuwa moja tu: mtu apande pikipiki, afike barabarani, alete gari. Na pikipiki iliyokuwapo ilikuwa yangu.

Basi nilikimbia bandani. Pikipiki yangu ilikuwa imekaa siku kumi na mbili bila kuguswa. Koki ya mafuta nilikuwa nimeiacha wazi, petroli imevuja kupitia kabureta mpaka ndani ya injini. Cheni ilikuwa nyekundu kwa kutu, imekauka kama kamba ya mashua iliyosahauliwa juani. Nilipiga kiki mpaka goti likaniuma. Haikuwaka. Nilipiga tena. Haikuwaka. Wenzangu hawakungoja, waliteremsha kitanda cha kamba, wakamlaza kijana, wakambeba mabegani kupandisha kilima. Barabarani walipata gari lililokuwa linapeleka magunia, likamchukua mpaka hospitali. Alihamdulillahi, mguu uliungwa. Daktari alisema mguu uliweza kungoja ile saa nzima, lakini lau angaliumia kichwa au angalitokwa na damu kwa ndani, isingaliweza kungoja.

Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya upole: "Katibu, ile pikipiki yako ni ya kazi au ni ya kutazamwa?"

Sikuwa na jawabu.

Safari ya Nyakato

Msimu ulipokwisha nilipata nafasi ya kwenda kumtazama dada yangu, aliyeolewa bara, katika mtaa wa Nyakato mjini Musoma. Ni safari ndefu. Utavuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha basi mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza bado zipo kadiri ya kilomita 220 kwenda kaskazini, ukipita Bunda. Nchi ile si kama yetu. Hakuna mkarafuu hata mmoja. Kuna majabali makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono, kuna vumbi, kuna mifugo, na kuna Ziwa Viktoria lililo pana hata ukidhani ni bahari, ila halina chumvi. Nilikaribishwa kwa samaki sato na ugali, nikalala usingizi wa msafiri.

Asubuhi niliamshwa na sauti niliyoijua. Kiki moja, na injini ikawaka, tuf-tuf-tuf, taratibu bila kukohoa. Nilitoka nje nikamkuta shemeji yangu amesimama kando ya Honda XL 125, kuukuu, rangi yake imefifia, lakini hakuna nati iliyokosekana. Shemeji alikuwa bwana mifugo, naye alikwenda kwa ng'ombe wa watu vijijini kwa miaka mingi juu ya pikipiki za aina hiyo. Hii aliinunua kuukuu kabla ya kustaafu, na mpaka leo akiitwa kumtazama ng'ombe huenda nayo.

"Shemeji," nikamwuliza, "hii pikipiki ni ya mwaka gani?"

"Shemeji," akajibu, "huulizi miaka ya pikipiki. Uliza jana iliangaliwa au haikuangaliwa."

Nikamsimulia habari ya kijana aliyeanguka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazima injini, akaniambia, "Utakaa hapa majuma matatu. Siku tatu za kwanza hutaipanda. Utaishika."

Dakika kumi za asubuhi

Nilidhani atanifundisha mambo makubwa ya ufundi. Kumbe alinifundisha kuzunguka. Kila asubuhi, kabla ya chai, huizunguka pikipiki mara moja, kuanzia gurudumu la mbele kwenda la nyuma na kurudi upande wa pili. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Kwanza tairi. Hubonyeza, kisha hupima upepo kwa kipimo, si kwa teke. Kwa mtu mmoja, kadiri ya ratili 22 mbele na 25 nyuma hufaa kwa njia za vumbi. Ukibeba mzigo huongezwa nyuma kwa jinsi kitabu cha pikipiki kinavyosema. Pili spoku. Huchukua spana ndogo akazigonga moja moja. Iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya bubu. Iliyolegea hukazwa siku hiyo hiyo, kidogo tu, kwani spoku moja ikilegea hutupa mzigo wake kwa jirani zake, nao huanza kukatika.

Tatu oili. Pikipiki husimamishwa wima mahali palipo sawa, ndipo oili hutazamwa. Hapa shemeji alinionya jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika pikipiki hizi, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoosha gia na klachi. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo ni njema kwa gari, lakini kwa klachi ya pikipiki ni maradhi: klachi huteleza, injini hulia na pikipiki haiendi. Kwa hiyo nunua oili ya pikipiki ya mapigo manne yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Na kama pikipiki yako ni ya mapigo mawili, mfano Yamaha DT 125 za zamani, jua kwamba ina tangi dogo la oili ya kuchomwa pamoja na petroli. Tangi hilo likikauka njiani, injini hushikana.

Nne breki, taa na waya. Hufinya breki akasukuma pikipiki kuona kama inashika, kisha huzungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kuona kwamba waya wa klachi na wa mafuta haukwami. Tano cheni. Hiyo nitaieleza peke yake.

Siku ya tatu nilifanya mzunguko huo mbele yake. Nikaona nati moja ya ekzosi imelegea. Nilimwambia. Akatabasamu, akasema, "Nimeilegeza mimi usiku. Leo utapanda."

Cheni, chujio na plagi

Mambo matatu ndiyo yanayoua pikipiki ndogo mapema, na yote matatu huonekana kwa macho.

La kwanza ni cheni. Ikikaza mno hula beringi na hukatika. Ikilegea mno hutoka kwenye sproketi, nayo ikitoka huweza kulifunga gurudumu la nyuma ukaanguka vibaya. Katikati ya sproketi mbili, cheni ipande na kushuka sentimita mbili hadi tatu, au kipimo cha kitabu chako. Lakini usipime mahali pamoja. Zungusha gurudumu polepole upate pale inapokaza zaidi, na upime hapo, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Ukiirekebisha, vuta pande zote mbili za gurudumu kwa alama zilizo sawa, ama gurudumu litakwenda upande. Kisha tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamepinda ncha kama pezi la papa, cheni na sproketi zote zimekwisha. Ukiweka cheni mpya juu ya meno mabovu umetupa fedha. Shemeji huisugua cheni kwa tambara lenye mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa, akaipaka oili nzito ya gia, akaacha kidogo, kisha akafuta iliyozidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini haitaki kabisa, maana imebeba unga wa chuma. Na tambara halishikwi kwenye cheni wakati injini inazunguka. Wako watu waliopoteza vidole kwa uvivu huo.

La pili ni chujio la hewa. Lita moja tu ya petroli huhitaji kadiri ya lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri. Basi fikiri: katika vumbi la Nyakato, kila lita ya petroli inapita na chumba kizima cha hewa yenye vumbi, na kinachoizuia vumbi hiyo isiifikie pistoni ni kipande cha sponji kisichozidi kiganja cha mkono. Shemeji hukitoa kila juma wakati wa kiangazi. Hukiosha kwa mafuta ya taa, si kwa petroli, kwa sababu petroli hudaka moto upesi na huharibu gundi ya sponji. Kisha hukiosha kwa sabuni na maji, hukikamua kwa kukibana bila kukisokota, hukianika kivulini mpaka kikauke, hukitia oili safi, na hukibana tena mpaka kisidondoke. Sponji kavu hupitisha vumbi. Ni ile oili inayolinasa. "Injini ni kama mtu mwenye pumu," aliniambia. "Haifi kwa kazi. Hufa kwa kukosa pumzi safi."

La tatu ni plagi. Ifungue ukaisome. Ncha yake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi sababu ni chujio lililoziba. Ikiwa nyeupe, injini inawaka moto kupita kiasi, tafuta upesi hewa inapopenyea. Hapa nilijifunza jambo la ajabu kidogo. Musoma iko kadiri ya mita 1,130 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya kwetu pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani itatoa petroli iliyozidi kidogo kule, na plagi hupendelea weusi. Mpemba akipanda bara asishangae pikipiki yake ikipungua nguvu, si uchawi.

Zaidi ya hayo shemeji anayo daftari. Humo ameandika tarehe ya kila oili, kila tairi, kila cheni, na kilomita zake. Niliona haya. Mimi ni katibu, nina daftari la kila pishi ya karafuu iliyochumwa na kila shilingi iliyolipwa kwa wachumaji, lakini kwa pikipiki iliyonigharimu mavuno ya msimu mzima sikuwa na hata karatasi moja.

Njia ya Butiama

Msidhani kwamba majuma matatu yalikuwa ya spana tu. Chombo kilichotunzwa kina raha yake, na raha hiyo niliionja siku tuliyokwenda Butiama, shemeji juu ya XL yake na mimi juu ya pikipiki ya jirani, mdogo wake kwa ukubwa. Tulivaa kofia ngumu, viatu vya kufunika vifundo, na shati za mikono mirefu juani. Sheria inataka kofia, lakini shemeji alisema hata sheria isingalitaka yeye angalivaa, kwa kuwa kichwa hakina spea.

Tulitoka Nyakato jua likichomoza, tukashika lami, kisha tukaiacha kila tulipopata njia ya ng'ombe inayokwenda upande wetu. Hapo nilielewa kwa nini pikipiki hizi zimeumbwa hivi. Gurudumu la mbele lina ringi ya inchi 21 na la nyuma inchi 18. Gurudumu kubwa la mbele hupanda jiwe badala ya kuligonga. Shokapu ndefu humeza mashimo. Madigadi yaliyo juu huacha nafasi, udongo mweusi wa mbugani usije ukajaa kati yake na tairi na kulifunga gurudumu. Hazikuumbwa hivyo kwa urembo. Kampuni ya Yamaha ilipotoa DT-1 mwaka 1968, watu wa Marekani waliipenda kwa sababu iliwatoa nyumbani kwa lami na ikawafikisha porini bila kubebwa. Honda ikafuata na XL 250 mwaka 1972, na ndugu yake mdogo wa 125 mwaka 1974. Huko ilikuwa mchezo wa siku za mapumziko. Huku kwetu ikawa farasi wa bwana shamba, bwana mifugo, mwalimu na mganga wa vijijini.

Kwenye mchanga nilitaka kuanguka mara mbili. Shemeji akanifundisha: simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, macho yatazame mbali na si kwenye gurudumu, mafuta yawe ya kiasi kimoja, na breki ya mbele usiiguse. Ukiogopa ukafunga mafuta ghafula, gurudumu la mbele huzama na wewe hufuata. Ukituliza mkono, pikipiki yenyewe hutafuta njia. Tulipovuka kijito alinionyesha kuburuza breki kidogo baada ya maji, ili zikauke, maana breki ya ngoma iliyolowa haishiki. Na akaniambia kwamba injini ikimeza maji usipige kiki hata mara moja; toa plagi kwanza, uyatoe maji, ama utapinda chuma cha ndani.

Tulikwenda polepole, na hilo ndilo lililokuwa tamu. Aendaye kasi huona barabara tu. Sisi tuliona watoto na mbuzi zao, wanawake na ndoo, tukasimama kila tulipoamkiwa. Kwenye gari husalimu kwa honi. Kwenye pikipiki ndogo husalimu kwa mdomo na ukajibiwa.

Butiama tulifika kabla ya adhuhuri. Tulikwenda Mwitongo, pahala alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tukamwombea, tukatazama na makumbusho yake. Nikakumbuka kwamba mwaka 1934, mtoto wa Butiama huyo alipoanza masomo katika skuli ya Mwisenge, Musoma, ilikuwa mwendo wa kadiri ya kilomita 40 kutoka kwao. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1967, alipokuwa Rais, alitoka Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisi tulikuwa tumekwenda kipande kidogo cha njia hiyo kwa petroli, nami nililalamika kiuno. Shemeji akacheka, akafungua chupa ya chai.

Tulipokuwa tunarudi mvua ilitunyeshea, na udongo ukawa kama uji. Tulifika usiku, tumechafuka mpaka kope. Nilitaka kuingia ndani nikale. Shemeji hakunizuia, lakini yeye alichukua ndoo na taa, akaanza kuosha. Basi nami nikarudi nikashika tambara. Dada yangu alitoka mlangoni, akatutazama, akasema, "Sasa nina waume wawili wa pikipiki." Chakula kilikuwa kimepoa, lakini sikumbuki chakula kitamu kama kile.

Yatufaayo sisi Pemba

Niliporudi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuikokota pikipiki yangu kutoka bandani. Fundi aliimwaga oili iliyochanganyika na petroli, akasafisha kabureta, akabadilisha sindano ya ndani iliyochakaa na cheni pamoja na sproketi zake. Gharama haikuwa kubwa. Ilikuwa chini sana ya nilichokuwa nimekwisha kupoteza kwa kuiacha.

Adui wa Nyakato ni vumbi. Adui wetu ni chumvi na unyevu. Kwa hiyo nayaongezea mafunzo ya shemeji mambo machache ya kisiwani. Pikipiki iliyopita ufukweni au iliyovushwa kwa chombo ioshwe kwa maji matamu siku ile ile, kisha cheni na waya zipakwe oili. Usiifunike kwa nailoni iliyobana, kwani hufuga unyevu. Iweke chini ya paa panapopita upepo. Koki ya petroli ifungwe kila unaposhuka. Ikiwa haitumiki, iwashe mara moja kila juma na uizungushe shamba mpaka ipate moto vizuri. Kuiwasha dakika moja na kuizima huzidisha unyevu ndani. Ikiwa itakaa mwezi au zaidi, mwaga petroli iliyomo ndani ya kabureta, kwa maana petroli iliyolala hugeuka gundi.

Kwa mzigo, kumbukeni kwamba karafuu mbichi huwa na uzito wa kadiri ya mara tatu ya hizo hizo zikikauka. Gunia unalolichukua bila taabu baada ya kuanika, litakuangusha likiwa bichi. Mzigo ukae chini na karibu na mwili wako, ufungwe usitikisike, wala usiwekwe juu ya tangi ukauzuia usukani.

Na kwa mtu aliyeanguka mkarafuuni, naomba hili lishikwe na kila mmoja: asipandishwe pikipiki. Mtu aliyeumia mgongo au shingo ukimkalisha na kumtikisa waweza kumpooza kabisa. Alazwe juu ya ubao au kitanda, mwili umenyooka, na pikipiki iende kuleta gari. Kazi ya pikipiki siku hiyo ni kwenda mbio kuita msaada, na haiwezi kuifanya ikiwa haiwaki.

Kwa hiyo natoa rai kwenu, nayo nitaileta mbele ya mkutano kabla ya msimu. Katika kila shamba au kikundi cha mashamba yaliyo karibu, wakati wa kuchuma, itajwe pikipiki moja ya zamu. Mwenyewe ahakikishe asubuhi imezungukwa, imewashwa, ina petroli, na imeelekezwa njiani. Funguo ziwe mahali panapojulikana na watu wawili. Kesho yake zamu iwe ya mwingine. Hapana fedha inayotakiwa. Kinachotakiwa ni dakika kumi.

Mfuko wa vyombo pia si ghali: spana za nati za pikipiki yako, bisibisi, koleo, plagi moja ya akiba, kipande cha waya, tyubu moja au viraka na pampu, na tambara. Nimevifunga vyote ndani ya kipande cha turubai chini ya kiti, na daftari dogo juu yake.

Yule kijana sasa anatembea, ingawa hapandi tena miti mirefu. Hushika kazi ya kuanika majamvini, na mkono wake ni mwepesi. Juzi nilipita kwao asubuhi mapema. Mama yake alikuwa anafagia uwanja. Nilisimama kumwamkia, nikazima injini, na tulipomaliza kuulizana hali nikapiga kiki moja. Ikawaka.

Mama aliegemea ufagio wake akasikiliza kidogo. Akasema, "Ee, hiyo sasa ni ya kazi."

Basi ndugu zangu, mwenye pikipiki na aende leo akaitazame, asingoje kesho. Wa billahi tawfiq.

Katibu wenu